Reli Zilizoota Kangemi

Tramu ya kwanza kupita Kangemi ilipita Jumanne asubuhi, wakati Ciru akitia kola kwenye shati la shule. Kibanda chake cha ushonaji kilitazamana na Waiyaki Way, na aliposikia kengele alidhani ni mtu wa aiskrimu amewahi kuamka. Alipoinua macho aliona gari refu jekundu lenye ubavu wa rangi ya maziwa likitoka upande wa Uthiru, linateleza taratibu juu ya reli mbili. Lilisimama mbele ya soko kwa muda unaotosha watu kupanda. Hakuna aliyepanda, likaenda zake mjini.

"Hiyo kitu imenirushia matope," alisema Kalekye, muuza nyanya wa meza ya pili, na akaanza kuzipangusa nyanya zake moja moja kwa leso.

Reli zenyewe hazikuwa ngeni. Zilikuwa zimeota mvua za Aprili zilipoanza, mwaka huo wa 2004. Mwanzoni zilikuwa nyufa tu kwenye lami, kisha chuma kikachomoza na kunyooka hadi mjini. Watu wa baraza la jiji walikuja wakazitazama, wakapaka rangi nyeupe kandokando yake, wakaondoka. Madereva wa matatu walilalamika wiki nzima, halafu wakazoea, kama wanavyozoea mashimo.

Kando ya kibanda, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa mzee Gerishon, baba yake Ciru. Macho yake yalikuwa yameliwa na glakoma miaka kadhaa nyuma, na siku nyingi alikaa pale akisikiliza mashine ya bintiye na kumwambia ni lini inahitaji mafuta. Kengele ilipolia, alisimama wima bila kuguswa na mtu.

"Hiyo ni tramu," alisema. "Na gurudumu moja la nyuma limelika upande."

"Kaa chini, Baba. Jua ni kali."

"Maitu, kesho nipeleke pale inaposimama."

Maitu ni mama, kwa Kikuyu. Ciru alikuwa kifungua mimba wa kike, naye alipewa jina la Wanjiru, ambalo kwa kifupi ni Ciru, la mama mzazi wa Gerishon, kama ilivyo desturi. Kwa hiyo tangu siku alipozaliwa baba yake alimwita mama, akimwagiza maji alimwagiza kwa adabu, na alipomchapa utotoni alimwomba radhi kwanza.

Lazima isemwe Gerishon alijulia wapi tramu. Mwaka wa 1962, akiwa kijana, alipata nafasi ya kwenda kusoma mji wa Brno, nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Mama yake, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Embakasi. Akaonyesha maandishi ubavuni mwa ndege, akauliza yanasema nini. Gerishon naye hakujua. Alimwambia, "Nikirudi nitakusomesha." Huko akasomea uhandisi wa tramu, kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwa imebaki, akaupenda mpaka akawa anauota. Aliporudi na cheti chake, mama alikuwa kaburini. Jamaa walikuwa wamekubaliana wasimwambie, asije akaacha mitihani.

Kuhusu cheti, ofisi ya kusajili wahandisi ilimjibu kwamba hakitambuliki kwa kuwa nchi kilikotoka ni ya upande ule, wa Wakomunisti. Alirudi tena na tena. Miaka ikaenda, upande ule ukavunjika, na ofisi ikambadilishia jibu: sasa cheti hakitambuliki kwa kuwa nchi iliyokitoa haipo tena. Gerishon alitengeneza cherehani na baiskeli pale Kangemi hadi macho yalipomwacha.

Siku iliyofuata Ciru alimshika mkono wakavuka barabara. Tramu ilifika na kusimama. Mlangoni palikuwa na kibao cheupe chenye sentensi moja nyeusi. Gerishon alikipapasa, lakini maandishi yalikuwa ya rangi tupu, hayakuinuka hata kidogo.

"Nitajie herufi," alisema.

Ciru alimtajia. "Halafu kuna *r* imevaa kofia. Na hapa kuna *i* imebeba kijiti."

Gerishon aliziunga kichwani. "*Nastupujte předními dveřmi*," alitamka kwa sauti kubwa. "Pandeni kwa mlango wa mbele."

Mlango haukusogea. Alirudia, akaupigia na hodi. Tramu ilingoja kwa heshima, kisha ikaondoka. Wengine nao walikuwa wamejaribu jana yake iliporudi: makanga wa matatu kwa nondo, mhubiri wa soko kwa maombi. Wote walikuwa wameacha, wakisema gari hilo lina wenyewe.

"Haitaki masikio," Gerishon alisema wakiwa wanarudi. "Inamtaka anayeyaona maneno na kuyasoma. Mimi nayajua, siyaoni. Wewe unayaona, huyajui."

Kisha aliinama, akaigusa reli kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka lori likampigia honi. "Zinazama," alisema. "Reli isiyobeba watu haikai juu. Mvua zikiisha na ardhi ikikauka, zitarudi chini zilikotoka. Nami nitakufa bila kuendesha kitu nilichokisomea, Maitu. Nimekuambia ukweli wangu wote."

Hivyo ndivyo Ciru alivyoanza kusoma Kicheki, akiwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye oda ya mashati ya shule mbili. Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha watoto wa darasa la kwanza, ambacho Gerishon alikinunua Brno wiki aliyofika na kukificha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Tatizo ni kwamba mwalimu hakuweza kuona alichokuwa akisoma mwanafunzi. Siku mbili waligombana. Ya tatu, Ciru alichukua kitambaa kilichobaki kwenye sare, akatia uzi mnene sindanoni, akazishona herufi jinsi alivyoziona kitabuni. Akampa baba yake. Mzee alizipitia kwa kidole.

"Hii ni *č*," alisema. "Umeishona vizuri. Ila hii kofia umeivalisha kichwachini."

Tangu hapo walisomeana kwa uzi. Ciru aligundua kwamba neno alilolishona halimtoki tena. Macho yake yalikuwa yamezoea kufuata sindano miaka yote, nayo yalikubali kufuata Kicheki kwa njia hiyo hiyo, tundu baada ya tundu. Alishona *matka*, ambaye ni mama. Alishona *syn*, ambaye ni mwana. Kuta za kibanda zikajaa vitambaa, na vilipokosa nafasi, Kalekye aliruhusu vingine vitundikwe juu ya nyanya zake, maana vilikinga jua.

Kazi iliteseka kidogo. Mwalimu mkuu mmoja alifungua furushi la mashati na kukuta ndani ya kola ya mojawapo pameshonwa *chléb*.

"Hii ni nini?"

"Ni mkate," Ciru alimwambia.

Mwalimu alifikiri, akaona mkate si tusi, akalipa akaenda.

Iliyomtesa kuliko zote ni ile *r* yenye kofia. Gerishon alimwelekeza aukaze ulimi kama anayesema *r* na papo hapo apulize kama anayepoza uji. Ciru alipuliza tangu asubuhi mpaka mate yakakauka. Kuku wa jirani walihama.

"Wewe Ciru, utavunja ulimi na bado hujaolewa mara ya pili," Kalekye alimwonya. Lakini Ciru alipogeuka, alimsikia akipuliza mwenyewe polepole huku akipanga vitunguu.

Mwezi Juni mvua zilikatika. Vumbi likarudi Kangemi, na reli zikawa zinashuka wazi kabisa. Mwanzoni zilikuwa zimeinuka kiasi cha kumkwaza mtu. Sasa mikokoteni ilizipita bila kuruka. Kila asubuhi Ciru alisimama mbele ya kibao, na kila asubuhi sentensi ilikuwa mpya. Aliianza vizuri, akafika katikati akakwama, nayo tramu ikalia kengele na kwenda tupu. Gerishon alianza kuacha chakula. Alisema hana njaa, na kweli hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomtisha Ciru.

Siku moja Ciru alichemka. Aliitupa sindano. "Miaka yote hiyo nimekaa na wewe nyumba moja! Kwa nini hukunifundisha nikiwa mdogo, wakati kichwa kilikuwa chepesi?"

Vidole vya mzee vilikuwa bado juu ya kitambaa.

"Niliona aibu," alisema. "Waliniambia nilichosomea si kitu. Sasa ningekufundishaje kitu ambacho si kitu? Wewe ni mama yangu. Nilikuahidi kukusomesha, nikarudi mikono mitupu."

Ciru aliitafuta sindano chini hadi akaipata. Kisha alishona mpaka giza lilipoingia, na machozi yaliyomdondoka hakuyafuta.

Asubuhi iliyofuata reli zilikuwa zimelingana na lami. Kwa mbali usingejua ziko. Tramu ilikuja ikichechemea, magurudumu yakishika na kuachia, na mtu yeyote mwenye akili aliona kwamba hiyo ni safari yake ya mwisho. Ciru alisimama mbele ya kibao. Baba yake alikuwa nyuma yake, amevaa koti la suti alilorudi nalo kutoka Brno. Kalekye aliacha nyanya bila mlinzi.

Ciru hakuitazama sentensi yote. Alilitafuta tundu la kwanza, akaingia. "*Kdo jede*," alisoma. Akavuta uzi. "*Kdo jede do města*." Kidole chake kilikuwa hewani, kinapanda na kushuka. Alifika kwenye neno fupi lenye alama ambayo alikuwa ameishona mara moja tu, juu ya kipande cha mfuko wa kaptula ya kijivu. Akaiona ile kaptula, akauona ule mfuko. "*Ať*," alisema, "*ať si sedne*."

Mwenye kwenda mjini, na aketi.

Mlango ukafunguka.

Gerishon alivua kofia yake. "Amesoma," alisema. "Mama amesoma."

"Mama gani?" aliuliza makanga mmoja aliyekuwa akipita.

"Huyo hapo, huoni?" Kalekye alimjibu kwa ukali. Yeye ni Mkamba na kwao majina hurithiwa vilevile, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

Ndani kulikuwa na viti vya mbao vilivyong'aa, na kamba ya ngozi iliyopita juu kutoka nyuma hadi kwenye kikengele cha dereva. Chumba cha dereva hakikuwa na mtu. Gerishon aliingia humo kama mtu aingiavyo jikoni kwake, akatundika koti kwenye msumari ambao hakuutafuta, akashika mpini wa shaba. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao kingine, cha kudumu: *Za jízdy nemluvte s řidičem*. Ciru alikisoma chote, na kofia zake. Gari likiwa mwendoni, msiongee na dereva.

"Nyaya za umeme ziko juu?" Gerishon aliuliza.

Ciru alichungulia. "Hakuna nyaya, Baba."

"Hilo ni kosa la kiufundi. Nitalishughulikia." Naye akausukuma mpini.

Tramu haina usukani, kwa hiyo macho hayahitajiki sana. Palipohitajika kusimama, Ciru alivuta kamba mara moja. Pa kuondoka alivuta mara mbili. Walipita Mountain View, wakapita ABC, na nyuma yao reli zilikuwa zinainuka kutoka kwenye lami, zinang'aa, zimepata uzito. Pale Westlands zilikata katikati ya mzunguko, juu ya maua ya baraza, na magari yote yaliyokuwa yamekwama tangu alfajiri yakawatazama wakipita. Tramu ilishuka Museum Hill ikiimba. Gerishon alilia njia nzima, mdomo wazi, anacheka na kulia, mikono imetulia kwenye shaba. Ciru alitamani kumwambia jambo, lolote lile. Lakini kibao kilikuwa pale na alikuwa amekisoma, kwa hiyo aliimeza furaha yake mpaka Kenyatta Avenue. Hajawahi kufurahi hivyo tena, na hakuwahi kabla.

Waliiegesha mbele ya jengo la ofisi ya wahandisi, wakapanda ngazi. Afisa waliyemkuta aliitwa Norman, mtu mpole, mwenye suti safi, mkaazi wa Spring Valley, jirani na Westlands. Aliwapa viti na kuwaagizia chai. Kutoka dirishani mwake tramu ilionekana vizuri, na askari wa baraza alikuwa tayari anaifunga mnyororo wa kuegesha vibaya.

"Tumeiona, Mzee," Norman alisema. "Ni gari nzuri sana. Lakini cheti chako ni cha nchi ambayo haipo."

"Nchi haipo," Gerishon alisema. "Tramu yake iko hapo nje."

"Ndiyo shida yenyewe. Ile tramu haina mhandisi aliyesajiliwa. Kisheria, kwa hivyo, nayo haipo."

"Basi nisajili mimi."

"Kusajili mhandisi wa tramu, lazima kwanza tuwe na tramu," Norman alieleza bila haraka, akamwongezea mzee sukari.

Walikunywa chai wakamaliza, kwa sababu ilikuwa chai nzuri. Chini walikuta mnyororo umekatika wenyewe pale tramu iliposogea kidogo, na askari anaukunja aende akautumie kwingine. Gerishon aliusukuma mpini. Alirudi Kangemi akiwa na njaa, akala ugali na sukuma, akaomba tena.

Kufikia Agosti tramu ilikuwa inajaa. Kalekye ndiye wa kwanza kusoma baada ya Ciru. Vitambaa vilikuwa vimemning'inia usoni miezi yote hiyo akiuza nyanya, akajikuta siku moja anamsomea mteja bila kukusudia. Wakafuata wauza mboga, kisha vibarua waendao viwandani, kisha makanga yule yule wa nondo, ambaye *ř* yake Gerishon aliisifu mbele za watu. Ciru alifundisha Jumamosi nje ya kibanda, kila mtu na sindano yake na kitambaa chake, wanaume kwa wanawake, na mzee akipita kati yao akisahihisha kwa kidole. Asubuhi ungewakuta wamejipanga mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wanasoma sentensi ya siku hiyo kwa sauti: mama wa samaki, fundi wa mabomba, mwalimu mkuu wa mkate. Asiyeweza alirudishwa nyuma kwa upole akajifunze. Watoto wa Kangemi walizaliwa wakisikia Kicheki kabla ya redio. Na Gerishon akawa mwembamba wa uso na mnene wa shingo, mwenye haraka, mwenye kelele, na jioni alilala kama gunia.

Mwaka uliofuata Norman naye alikuja Jumamosi moja, na sindano yake. Foleni ya Westlands ilikuwa imemshinda, alisema, gari lake linakunywa petroli likiwa limesimama. Ciru alimfundisha kama alivyofundisha wengine. Alikuwa na bidii. Baada ya mwezi alianza kupanda pale mzunguko wa Westlands, anasoma sentensi ya mlangoni bila kukwama, anaketi kiti cha mbele kabisa, mgongoni mwa dereva.

Kila asubuhi aliinua macho akakisoma kile kibao cha kudumu, polepole, kwa matamshi mazuri kuliko ya wengi. Kisha alinyamaza, kama kilivyoagiza. Gerishon alimfikisha mlangoni mwa ofisi yake kabla ya saa mbili, hata siku moja hakumchelewesha.

Kila Januari Gerishon aliomba tena kusajiliwa, na kila Machi jibu lilitoka lile lile. Norman alilileta mwenyewe kwenye tramu, kuokoa stempu. Kwa kuwa dereva haongeleshwi, alimkabidhi Ciru, akamwamkia kwa Kicheki, akashuka.

Ciru aliisoma barua mpaka mwisho. Ilikuwa kwa Kiingereza, na haikumpa taabu yoyote. Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na zile za miaka mingine, akatazama kama wote wameketi, akavuta kamba mara mbili. Baba yake akapiga kengele, wakaenda.